Mwelekezi anataka muziki "kama ule wa Oscar, lakini uwe wangu". Nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi hupiga kinanda kanisani hapa Umoja, na katikati ya wiki huwatengenezea wasanii biti. Rafiki yangu amepiga filamu fupi ya dakika 18 kuhusu makanga anayekuta mkoba uliosahaulika ndani ya matatu. Onyesho kubwa ni la usiku: yuko chumbani kwake, anahesabu pesa, kisha anatoa kadi ya kliniki ya mtoto mchanga, mwishowe anatoka na mkoba. Ameniomba muziki. Alinitumia filamu ikiwa tayari imejazwa muziki wa filamu moja kubwa ya Marekani, akasema, "Nipe kama huu, lakini uwe orijino." Sijui kusoma noti. Hawa watunzi wanaoteuliwa kuwania Oscar hufanyaje? Na kazi kama yetu inaweza kufika huko?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Noti tutazifikia. Shida yako ya kwanza ni huo muziki aliokutumia ndani ya filamu.

Si kosa la rafiki yako peke yake. Wahariri wa picha kote duniani huazima muziki wa kushikia nafasi ili wapate mahali pa kukatia. Ubaya ni kwamba mwelekezi huitazama filamu yake mara nyingi mno kabla ya mtunzi kuitwa, na kufikia hapo sikio limeshazoea. Ukileta kitu kingine, hata kiwe kizuri namna gani, yeye atasikia tu kwamba "si kile". Mwaka 1968 yalimkuta mtu mkubwa kuliko mimi na wewe. Alex North alimtungia mwelekezi Stanley Kubrick muziki wa *2001: A Space Odyssey*, okestra ikaurekodi, na Kubrick akaamua kubaki na vipande vya watunzi wengine alivyokuwa akivitumia wakati wa kuhariri. North alikuja kujua alipoketi kuitazama filamu. Huyu alikuwa ameteuliwa kuwania Oscar tena na tena bila kushinda, mpaka walipompa ya heshima mwaka 1986.

Kwa hiyo mwambie akutumie nakala isiyo na muziki wowote, yenye maneno na sauti za mazingira tu, na saa ya filamu ikionekana pembeni mwa picha. Usimwulize anataka muziki wa aina gani, maana atakutajia filamu nyingine tena. Muulize ni kitu gani hasa kinachomshika katika ule alioupachika. Mara nyingi utakuta si melodia hata kidogo. Pengine ni kwamba unaenda polepole, au kuna ala moja tu, au unaanza kabla mtazamaji hajajua kuna jambo. Hayo unaweza kumpa bila kuiba chochote.

Kama mngekuwa bado hamjapiga picha, ningekushauri zaidi ya hapo. Hildur Guðnadóttir, mpiga chelo wa Iceland aliyeshinda Oscar mwaka 2020 kwa *Joker*, alianza kutunga kutokana na maandishi ya filamu, kamera hazijawashwa. Walipofika kwenye tukio la chooni baada ya mauaji, mwelekezi alimpigia mwigizaji ule muziki, na ile dansi ya polepole ikazaliwa pale pale. Muziki ukitangulia, picha inaufuata, na hapapatikani nafasi ya muziki wa kuazima kuingia. Filamu ijayo ya rafiki yako, dai uyapate maandishi mapema.

Sasa tuingie kwenye hicho chumba cha makanga. Kazi ya kwanza ya mtunzi wa filamu ni kuketi na mwelekezi, mkaitazama filamu mkisimamisha kila mara, mkikubaliana muziki uanze wapi na ukome wapi. Ukikosea hapo, hata okestra ya watu 90 haikuokoi. Ninavyowajua vijana wetu, muziki ungeanza mkoba unapofunguliwa: mdundo wa wasiwasi. Halafu kadi ya kliniki ikitokea, piano ya huzuni.

Mimi nisingeweka chochote kwenye kuhesabu pesa. Acha noti za pesa zikwaruzane. Acha redio ya jirani isikike upande wa pili wa ukuta, na mtu anayejaza mtungi nje. Huyo makanga anahesabu kodi ya nyumba, na mtazamaji wa Nairobi anajua hesabu hiyo bila kuambiwa na piano. Kadi inapotoka, bado kimya. Muziki uingie akishaiondolea macho, anapotazama ukuta. Ukiingia sawasawa na kadi, unamwambia mtazamaji "huzunika sasa". Ukichelewa sekunde mbili hivi, atakuwa ameshaanza kuhisi mwenyewe, nawe unakuja kumuunga mkono.

Tuseme kutoka pale anapoinua macho hadi anapofunga mlango ni sekunde 37. Umetunga kwa kasi ya mapigo 72 kwa dakika, manne kwa kila baa, yaani kila kifungu cha mdundo. Piga hesabu: sekunde 37 zina mapigo 44 na nusu kasoro. Mlango unafungwa katikati ya pigo, na utasikia kitu kinakwaza bila kujua ni nini. Shusha kasi hadi 71.35. Mapigo 44 yanakamilika sekunde ya 37, yaani baa 11 kamili, na mlango unaangukia pigo la kwanza la baa ya 12. Hakuna sikio litakalogundua kwamba umepunguza. Programu nyingi za kutengenezea biti zinakubali kasi yenye desimali, nawe huenda unayo mojawapo tayari. Hicho ndicho wanachofanya wenye Oscar kabatini. Wao wana wasaidizi wa kuwapigia hesabu tu.

Ila usilenge kila kitu. Enzi za Max Steiner, ambaye muziki wake wa *King Kong* wa mwaka 1933 ndio ulioionyesha Hollywood kwamba okestra inaweza kubeba filamu nzima yenye sauti, ilikuwa kawaida muziki kufuata hata hatua za miguu. Leo ukifanya hivyo unapata katuni. Muziki unaofuata kila kitendo ni kama mtangazaji wa mpira kwenye televisheni anayekuambia mpira umetoka nje na wewe umeuona. Chagua tukio moja katika kila kipande, lenga hilo, mengine yapite.

Ukitaka kuona uamuzi wa namna hii ukifanywa na bingwa, tafuta *Jaws*, iliyompa John Williams Oscar mwaka 1976. Kila mtu anazijua zile noti mbili za papa. Wachache wamewahi kutambua kwamba watoto wawili wanapoingia majini na pezi la bandia kuwatisha watu, noti hizo hazisikiki. Watu ufuoni wanakimbia na kupiga mayowe, muziki umenyamaza. Williams aliupa muziki wake kanuni: husema papa yupo pale tu papa anapokuwepo. Ndiyo maana papa wa kweli akija huku humwoni, noti mbili zinatosha kukukausha mate. Mtu huyu ameteuliwa mara 54, akashinda tano, na ukiuliza kwa nini, usianzie kwenye magwaride yake ya anga za juu ya *Star Wars*. Anzia hapo kwenye kunyamaza.

Na wewe mpe muziki wako kanuni moja. Kwa mfano: unasikika pale tu makanga anapomfikiria mwenye mkoba, kamwe si anapofikiria pesa. Dakika 18 zenye kanuni hiyo zitahitaji muziki wa dakika nne, labda tano. Rafiki yako atalalamika kwamba ni mchache. Mwache alalamike, kisha mtazame pamoja.

Umeuliza kuhusu "orijino". Huko Oscar neno hilo limewatoa watu jasho. Mwaka 1973 Nino Rota aliteuliwa kwa *The Godfather*, kisha uteuzi ukafutwa ilipobainika kwamba sehemu ya melodia alikuwa ameitumia katika filamu ya Kiitaliano ya mwaka 1958. Alijiibia mwenyewe, ukipenda. Miaka miwili baadaye akashinda, pamoja na Carmine Coppola, kwa sehemu ya pili ya filamu ile ile, na melodia ile ya mapenzi ikiwemo ndani! Jonny Greenwood alikataliwa kwa *There Will Be Blood* kwa sababu alichanganya na muziki aliokwisha kuutunga kwa shughuli nyingine. Jóhann Jóhannsson naye alikataliwa kwa *Arrival*: filamu inafunguka na kufungwa kwa kipande cha mtunzi mwingine, Max Richter, na wapigakura wangeshindwa kujua kilichowaliza ni cha nani. Kwa tuzo za mwaka 2021 wasimamizi wa Oscar walidai muziki mpya ufikie asilimia 60 ya muziki wote wa filamu. Mwaka uliofuata wakateremsha hadi 35. Filamu inayoendeleza nyingine hudaiwa asilimia 80 iwe mpya.

Mimi naona kanuni hizi ni za makarani. Haziwezi kupima kama muziki umezaliwa na filamu yake. *Psycho* ya mwaka 1960 haikuteuliwa hata kidogo kwa muziki. Bernard Herrmann alitumia nyuzi peke yake, bila tarumbeta wala ngoma, na mwelekezi, Hitchcock, alikuwa amemwambia asiweke kitu kwenye mauaji ya bafuni. Akaweka, Hitchcock akasikia, akabadili nia. Leo ndicho kipande ambacho hata asiyeijua filamu anakiiga kwa mdomo. Basi usitumie orodha ya walioteuliwa kama mizani. Itumie kama maktaba.

Kuhusu noti: Vangelis hakuwa msomaji wa noti, na mwaka 1982 alishinda kwa *Chariots of Fire*, muziki aliopiga mwenyewe kwa sinthesaiza, katika filamu ya wanariadha wa miaka ya 1920. Danny Elfman alitoka kwenye bendi ya roki, akajifunza njiani huku mwenzake wa bendi, Steve Bartek, akimpangia okestra. Ameteuliwa mara nne. Kutosoma hakukuzuii kutunga. Kutakuzuia siku utakapotaka kuwapa kazi wapigaji watano kwa pamoja na una saa tatu tu za studio, kwa sababu hutaweza kumwimbia kila mmoja sehemu yake. Kwa hiyo jifunze, lakini si kwa ajili ya filamu hii. Kenya Conservatoire of Music imekuwa ikifundisha watu hapa mjini tangu mwaka 1944.

Kwa filamu hii tafuta ala moja ya kweli. Moja tu. Nyuzi za kompyuta zikiwa peke yake hujulikana mara moja. Ukiweka mtu mmoja halisi mbele yake, sikio linamfuata yeye na kusamehe mengine. Nairobi haina uhaba. Kuna vijana waliokulia kwenye Ghetto Classics, mradi wa muziki kule Korogocho, wanaopiga fidla na chelo vizuri sana. Kuna wapiga nyatiti, litungu na obokano, ala zetu za nyuzi, wanaotafuta kazi isiyo ya harusi. Kwa makanga wako ningetamani orutu. Ala ya uzi mmoja inakaa karibu sana na sauti ya binadamu, inaweza kulalamika bila kulia, na haimpeleki mtazamaji kijijini moja kwa moja kama ngoma zinavyofanya. (Prodyuza wengi wa kigeni wakisikia "Afrika" huagiza ngoma. Sisi tusifanye hivyo kwa matatu ya Eastleigh.)

Usiitumie kama pambo, lakini. Ludwig Göransson, Msweden, alipotunga *Black Panther* alikwenda Senegal akawa pamoja na mwimbaji Baaba Maal, halafu akaenda kusikiliza hifadhi ya muziki wa Kiafrika iliyoko Afrika Kusini. Alirudi na tama, ile ngoma ya kwapani inayobanwa ikabadili sauti, na Massamba Diop akaipiga ikawa inalitamka jina la mfalme. Ngoma ikawa mhusika. Oscar ya mwaka 2019 ilikwenda kwake. Unaweza kuuliza kwa nini haikwenda kwa Msenegali, na mimi huuliza pia, ila kazi yenyewe ilifanywa kwa adabu.

Hilo la nani hupewa lina historia hapa kwetu. *Born Free*, iliyopigwa Kenya, ilimpa Mwingereza John Barry Oscar mbili mwaka 1967, moja ya muziki na moja ya wimbo. *Out of Africa*, ya Karen na Ngong, ikampa nyingine mwaka 1986. Ndani ya filamu hiyo, kwenye nafasi ndogo ya uigizaji, yumo kijana aliyeitwa Job Seda. Ndiye tuliyekuja kumjua kama Ayub Ogada. Ilipokuja *The Constant Gardener* mwaka 2005, iliyopigwa Kibera na Loiyangalani, nyatiti na sauti yake katika wimbo "Kothbiro" ndivyo vilivyokaa masikioni mwa wengi. Aliyeteuliwa kwa muziki wa filamu ni Mhispania, Alberto Iglesias. Sisemi alidhulumu mtu. "Kothbiro" ilikuwapo kabla ya filamu, na kanuni ni kanuni. Nasema tu kwamba mandhari yetu imewania tuzo hii mara nyingi kuliko watunzi wetu. Waafrika wamewahi kufika, hata hivyo. Jonas Gwangwa wa Afrika Kusini aliteuliwa pamoja na George Fenton kwa *Cry Freedom*, muziki na wimbo. Caiphus Semenya alikuwa kwenye kundi la Quincy Jones lililoteuliwa kwa *The Color Purple*, na unajua walishindwa na nani usiku ule? *Out of Africa*.

Turudi mezani kwako. Kurekodi orutu Umoja ni kazi ya usiku wa manane, matatu zikishapungua, na si usiku wa mvua ukiwa chini ya mabati. Godoro ukutani, maikrofoni moja, uwe umbali wa mkono mmoja hivi. Muulize mhariri filamu ina fremu 24 au 25 kwa sekunde, na asibadilishe mkato wowote baada ya kukupa nakala ya mwisho. Akikata sekunde moja, zile hesabu zetu za mlango zimeharibika. Rekodi kwa kilohertz 48, sio 44.1 uliyozoea kwa nyimbo, na kwa kina cha biti 24 (24-bit). Peleka faili za WAV, ala zikiwa zimetenganishwa kwa mafungu, ili fundi wa sauti aweze kushusha orutu bila kushusha vyote mtu anapozungumza. Hapo kwenye mazungumzo ondoa chochote kinachong'ang'ania kati ya hertz 1,000 na 4,000, maana ndipo maneno ya watu yanapoeleweka.

Mkataba. Najua ni rafiki yako. Andikeni tu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Wengi hudhani ni kinyume chake, kwamba wasipotia sahihi wamebaki na chao. Kama malipo ni madogo, au ni chakula cha mchana na nauli, basi mpe ruhusa ya kuutumia muziki ndani ya filamu hii, katika matangazo yake na kwenye matamasha, umiliki ubaki kwako. Kisha mtengeneze orodha ya kila kipande: jina lake, kinaanza na kuisha saa ngapi, ni cha nani. Filamu ikioneshwa kwenye televisheni, karatasi hiyo ndiyo inayofuatwa kugawa mirabaha. Uandikishe pia kazi zako na chama cha kukusanya mirabaha, lakini kwanza hakikisha KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, imekipa leseni mwaka huo, kwa sababu leseni hizo zimekuwa na vuta nikuvute isiyoisha.

Na kuhusu tuzo: kwa Oscar, muziki hushindaniwa na filamu ndefu, na kwao filamu ndefu ni ile inayozidi dakika 40, kwa hiyo dakika zenu 18 haziingii kwenye kundi la muziki. Filamu yenyewe inaweza kuwania kama filamu fupi. *Watu Wote*, iliyopigwa hapa Kenya, iliteuliwa mwaka 2018. Karibu na nyumbani kuna Kalasha, tuzo za filamu za hapa Kenya, na kuna FESPACO, tamasha la filamu kule Ouagadougou, ambayo hutoa tuzo ya muziki. Nyingi za sherehe hizi hutaka jina la mtunzi liwe kwenye filamu yenyewe, kwa hiyo rafiki yako anapoandika majina ya mwisho, hakikisha lako lina mstari wake, na la mpiga orutu pia.